Nilivyojenga upya tembe la babu kwa msaada wa postikadi za kale

Upande mmoja wa tembe la marehemu babu (nyumba ya jadi ya Wagogo yenye paa bapa la udongo), wilayani Chamwino, Dodoma, ulipoporomoka kwa mvua za Januari, niliazimia kuujenga upya kama ulivyokuwa. Ugumu ulikuwa kupata fundi: matembe mengi ya Ugogo yaliachwa watu walipohamishiwa vijijini katika Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, na mafundi niliowaendea walizoea matofali ya kuchoma na mabati.

Nikageukia picha. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, nchini Ujerumani, imeweka kwenye intaneti maelfu ya picha za enzi ya ukoloni wa Kijerumani, nami nikaongeza postikadi chache zilizokuwa zikiuzwa mtandaoni. Kabla ya kuamini picha nilikagua kwanza mgongo wa kadi. Kuanzia mwaka 1905 Wajerumani waliruhusu ujumbe kuandikwa upande wa anwani, kwa hiyo kadi ambayo upande huo haujagawanywa kwa mstari kwa kawaida ni ya kabla ya hapo, ingawa picha yenyewe yaweza kuwa na umri mkubwa kuliko kadi.

Picha hizo nilizikuza, nikampelekea baba mkubwa. Alipitisha kidole juu ya ncha za miti zilizotokeza ukutani, chini kidogo ya paa.

"Hizi ni boriti, mwanangu. Zihesabu, utajua mapanda yaliyo ndani yamepangwaje," alisema, akimaanisha nguzo zenye panda juu ambazo boriti hukaa juu yake.

Picha iliyotufaa kuliko zote ilikuwa ya tembe lililochakaa, ambalo udongo wa ukuta ulikuwa umebanduka na fito kubaki wazi, lakini paa lake zito la udongo lilikuwa bado limesimama. Mimi nilikuwa nimepanga kunenepesha kuta! Kumbe mzigo wote hubebwa na mapanda, na ukuta ni wa kuziba tu. Tulipofukua kwetu tukakuta mchwa wamekula mapanda saba chini ya ardhi. Tuliyabadilisha kwa mpingo, ambao kiini chake mchwa hawakiwezi, tukalaza boriti na fito, kisha mabua ya mtama, na juu yake udongo ulioshindiliwa kwa mteremko mdogo. Paa la namna hiyo linafaa Dodoma kwa sababu mvua yetu ni haba na ni ya msimu mmoja.

Mvua za Desemba zilipoanza, lilivuja penye kona moja, nasi tukaongeza udongo siku hiyohiyo.