Kona 48 za Stelvio

Tuliondoka Munich alfajiri, mimi mbele, mdogo wangu nyuma, masanduku mawili ya ubavuni yamejaa nguo za baridi na za mvua. Pikipiki ni BMW R 1250 RT. Ina kilo 279 tanki likiwa limejaa, na hapo hujapandisha mtu wala mzigo. Pikipiki za kasi nimeziendesha sana, na mara nyingi nimefika nikiwa na shingo ngumu na mikono inayotetemeka. Safari hii nilitaka kitu kimoja: nifike chini ya Stelvio, njia ya mlimani huko kaskazini mwa Italia, baada ya saa nyingi barabarani, nikiwa bado na uwezo wa kuendesha vizuri.

Kwenye barabara kuu adui ni upepo. Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya upepo inayokusukuma huongezeka mara nne, na mwili unaoshindana nao huchoka bila wewe kujua. Nilibonyeza kitufe kwa kidole gumba, kioo cha mbele kikapanda polepole kwa mota yake, na mvumo wote ukahamia juu ya kofia. Nikamsikia mdogo wangu akihema kwenye spika ya helmeti. Kinga ya upepo ya namna hii ina ukoo wake. Mwaka 1976 BMW walitoa R 100 RS, na bodi yake ya mbele ilichongwa kwa majaribio ndani ya handaki la upepo la Pininfarina, Italia. Pikipiki ya kusafiria kwa kasi ilianza kupata sura yake hapo.

Mbele ya RT hii pia kuna rada. Unapanga mwendo, unapanga umbali wa kuacha kati yako na gari la mbele, kisha yenyewe inapunguza na kuongeza. Lori lilipoingia njia yetu, nilihisi pikipiki ikijishika taratibu, na lilipotoka ikarudi kwenye mwendo wake. Hata kwenye kona ndefu inapunguza kidogo, kwa kuwa inajua imelala kiasi gani. Lakini kitu kilichosimama haikihesabu. Tulipokuta foleni imeganda mbele, breki ilikuwa kazi yangu, na niliishika mapema. Anayekwenda kuitumia rada hii alijue hilo kabla ya jambo jingine lolote.

Mvua ilitukuta Fernpass, njia ya mlimani upande wa Austria, ya kunyesha kwa upande na kuvuta ukungu. Nilibadilisha hali ya injini kwenda ya mvua. Ukizungusha mkono, nguvu inakuja kwa ulaini, na kompyuta inaingilia mapema gurudumu la nyuma likitaka kuteleza. Chini ya haya yote kuna kifaa kidogo kinachopima pikipiki inavyojizungusha kwenye mihimili mitatu na inavyosukumwa kwenye pande hizo tatu. Kwa hiyo breki zinajua kama umesimama wima au umelala kwenye kona. Shika breki kwa ghafla ukiwa umelala na pikipiki ya kawaida itataka kusimama wima na kukutoa nje ya mstari wako. Hii inaachia nguvu ya breki ipande kwa hatua, ili ubaki kwenye njia yako. Niliihitaji mara moja tu, gari lilipokatiza kona kuja upande wetu. Nilishika kwa nguvu kuliko nilivyotaka. Mstari haukupotea.

"Kaka, uko sawa?"

"Niko sawa. Jishike vizuri."

Ziwa la Reschen, tukiwa tumeshaingia Italia, tulilipita mvua ikiwa imekatika. Mnara wa kanisa umesimama katikati ya maji, mabaki ya kijiji cha Graun kilichozamishwa mwaka 1950. Tulisimama dakika chache. Mdogo wangu alitazama mnara, mimi nikatazama gurudumu la nyuma, kwani baada ya mvua kama ile mwenye pikipiki ya mnyororo angekuwa anafikiria kusafisha na kupaka oili. Sisi hatukuwa na mnyororo. Nguvu inakwenda nyuma kwa shafti, yaani mhimili unaozunguka, iliyofungiwa ndani ya mkono unaoshika gurudumu la nyuma, mpango ambao BMW wanao tangu R 32 ya mwaka 1923, sambamba na silinda mbili zilizolala kushoto na kulia. Shafti ni nzito, na ina tabia ya kuinua nyuma ya pikipiki unapoongeza mafuta. Mkono wenye maungio ya ziada, waliouanzisha mwaka 1987, ndio ulioizima tabia hiyo. Kwa safari ya siku nyingi mimi nachagua shafti bila kusita.

Halafu Prato, kijiji kilicho chini ya Stelvio, halafu mlima.

Barabara ya Stelvio ilijengwa kati ya mwaka 1820 na 1825 chini ya mhandisi Carlo Donegani. Upande huu ina kona 48 za kurudi nyuma, kila moja na namba yake, na kilele kiko mita 2,757. Kona zenyewe ni finyu. Unafika karibu na ukuta, unageuka, unaanza upya kuelekea upande uliotoka, huku mlima ukikuinua.

Hapa ndipo nilipoielewa injini. Ina sentimita za ujazo 1,254 na nguvu farasi 136, lakini kwenye kona hizi hakuna anayezitafuta zote. Unachotaka ni msukumo wa chini, mtulivu, usiokurusha. Kwa kila vali ya kuingiza hewa kuna kamu mbili, yaani vinundu vinavyozunguka na kuisukuma ifunguke, kimoja kidogo na kingine kikubwa. Ukienda polepole vali zinafunguliwa na kamu ndogo, tena vali mbili za silinda moja hazifunguki sawasawa, hivyo hewa na petroli vinaingia vikizunguka na kuungua vizuri. Ukidai nguvu, pini inasukuma shafti ya kamu kando kidogo na ile kubwa inachukua kazi. Sikuusikia mpito huo hata mara moja. Nilisikia tu injini inayovuta kutoka chini kama ng'ombe wa plau, na baada ya kona kunyooka, inayokimbia.

Jambo la pili ni pua ya pikipiki. Kwa kawaida shokapu mbili za mbele hufanya kazi mbili: zinashika gurudumu na zinameza mashimo. Ukifunga breki zinazama, na zikishazama hazina nafasi ya kumeza shimo linalofuata. Kwenye RT, mabomba ya mbele yanaongoza gurudumu tu. Nguvu ya breki inapita kwenye mkono unaoungana na mwili wa pikipiki, na mtikisiko unamezwa na shokapu moja ya katikati. Kona baada ya kona nilishika breki, na pua ilishuka kidogo sana. Mwanzoni nilikosa ile ishara ya kuzama niliyoizoea maishani. Kufika kona ya kumi sikuitaka tena. Mdogo wangu naye hakunigonga mgongoni kwa helmeti hata mara moja, na kwa miaka mingi kugongana huko ndiko kumekuwa chanzo cha ugomvi wetu njiani.

Kwenye kona moja ya juu, basi lilikuwa linashuka na likahitaji barabara nzima. Nilisimama katikati ya mgeuko, mahali ambapo ukingo wa ndani uko chini sana kuliko wa nje, mguu wangu wa chini ukifikia lami kwa ncha ya vidole. Watu wawili, mzigo, na kilo 279. Hapo pikipiki kubwa huangushwa, na sikupenda hata kuwaza upande wa bonde. Nilikaza breki ya mkono kwa nguvu, taa ndogo ikawaka, nikaachia. Breki ikabaki imeshika yenyewe. Mikono ikawa huru, miguu ikawa huru, nikapata muda wa kupanga klachi na mafuta kwa utulivu. Dereva wa basi alinyoosha mkono kushukuru. Nilipoanza kuondoka, breki ikajiachia wakati ule ule gurudumu lilipovuta. Nilipumua.

Kileleni palikuwa na theluji kando ya barabara na baridi ya kuuma meno. Niliwasha joto la mishikio, tukashuka kuelekea Bormio, mji ulio upande wa pili wa mlima, bila haraka. Kwenye mteremko ilinibidi nijizoeze upya: breki ya mkono na ya mguu zote zinashika magurudumu yote mawili, nami kwenye kona za polepole nimezoea kutumia ya nyuma peke yake.

Bormio nilivua glavu na kutazama mikono yangu. Ilikuwa imetulia. Niliinama kusikiliza injini ikipoa kwa mlio wa tiki-tiki, nikaangalia upepo wa matairi kwenye skrini, mbele bar 2.5, nyuma bar 2.9.

"Kaka, kesho tunarudi kwa njia gani?"

Nilimpa ufunguo auweke mfukoni, maana pikipiki hii huwaka kwa kuwa nao tu mwilini. Asubuhi tulipanda tena, yeye mbele, mimi nyuma.