Nyanya za chumbani na unyevu wa saa nne usiku

Niliuona ukungu kwa mara ya kwanza kwenye kidonda cha shina, pale nilipokwanyua jani wiki moja kabla. Yalikuwa manyoya mafupi ya kijivu, na nilipoyapuliza yakafuka vumbi kama moshi wa kijiti cha kiberiti. Vumbi lile ndilo mbegu za ukungu wenyewe, Botrytis cinerea, kwa hiyo kwa pumzi moja tu nilikuwa nimeusambaza chumba kizima. Ukiuona kwako, usipulize. Kata taratibu, tia kwenye mfuko, funga mdomo wa mfuko, ndipo utoke nao nje.

Chumba chenyewe ni kidogo: mita 2.5 kwa 2, dari mita 2.4, yaani mita za ujazo 12. Nilikuwa na mashina sita ya nyanya za kupanda kwenye kamba, taa za LED zinazowaka saa kumi na mbili asubuhi na kuzimika saa nne usiku, tundu la kuingizia hewa chini ya mlango, na feni ya kutolea hewa karibu na dari. Dirisha nililiziba, lakini mwanga wa zambarau ulipenya pembeni, mpaka jirani mmoja akanisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Jirani, humo ndani unapanda nini hasa?" Nikamfungulia akaone nyanya. Sidhani kama aliniamini kabla hazijaiva.

Kilichonitatiza ni kwamba kipimo hakikuwa na lawama. Kila nilipoingia, kipima unyevu kilisoma asilimia 60 hivi, na nyanya hupenda hewa yenye unyevu wa kati ya 60 na 70. Nikaanza kukishuku kipimo. Namna ya kukihakiki ni rahisi: weka chumvi ya kawaida kwenye kizibo cha chupa, idondoshee maji mpaka iwe kama uji mzito, si mchuzi, kisha fungia kizibo hicho pamoja na kipimo ndani ya chombo kisichopitisha hewa kwa saa kumi au zaidi. Hewa ya humo ndani hutulia kwenye asilimia 75. Changu kilisoma 72. Tofauti ya pointi tatu haioti manyoya.

Nikanunua kingine, chenye kukumbuka kiwango cha juu na cha chini kabisa cha siku. Asubuhi ya kwanza kiliniambia 93.

Usiku uliofuata nikaketi humo ndani na tochi. Saa nne taa zikazimika, na papo hapo kukawa kimya, kimya ambacho sikukielewa mpaka nilipoinua macho: feni nayo ilikuwa imesimama. Nilikuwa nimeichomeka kwenye swichi ya saa ileile ya taa, kwa sababu ya uvivu wa kununua nyingine. Joto lilikuwa nyuzi 27. Baada ya nusu saa lilikuwa 24, na unyevu umefika 72. Kulipokaribia saa saba joto lilikuwa 20, kipimo kinasoma 91, na nikimulika bomba la chuma ukutani naona linatoka jasho. Jani la juu kabisa lilikuwa na unyevunyevu nilipoligusa kwa mgongo wa mkono. Kidonda cha shina kikikaa na unyevu wa namna hiyo saa sita au nane kila usiku, huo ndio mlango wa Botrytis.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Hakuna maji yaliyoongezeka humo ndani kiasi cha kutoka 60 hadi 91. Asilimia haikuhesabii maji, inakuambia hewa imejaa kiasi gani kwa joto ililonalo wakati huo. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 27 inaweza kubeba karibu gramu 26 za mvuke, ikipoa hadi nyuzi 20 inaweza 17 tu. Mzigo ni uleule, kikapu ndicho kilichosinyaa. Na hewa ya nyuzi 27 yenye asilimia 60 ikikutana na kitu chenye nyuzi 18, mvuke wake unageuka matone hapohapo. Ndiyo maana bomba lilitoka jasho kabla ya majani.

Nikapiga hesabu nyingine ambayo ilinikata maini. Chumba changu kizima, kwa nyuzi 20, kinajazwa mvuke hadi kikomo na gramu 208 za maji, ambazo ni glasi moja. Mimi nilikuwa ninamwagilia lita 7 kwa siku. Mmea haunywi maji ukayaweka, zaidi ya asilimia 95 ya anayovuta mizizini huyatoa hewani kupitia majani. Kwa hiyo kila siku nilikuwa ninamimina glasi thelathini na kitu kwenye chumba kinachotosheka na moja, halafu ninashangaa.

Nilichokimbilia ni mashine ya kukausha hewa, na hapo nikakosea kwa upande wa pili. Kwenye boksi iliandikwa lita 12 kwa siku. Namba hizo kwa kawaida hupimwa kwenye chumba chenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, mazingira ambayo hakuna mtu anayeyataka. Kwangu ilikamua kama lita 5. Nikaipanga kwenye asilimia 40 ili niutokomeze ukungu mara moja, ikawa inafanya kazi mchana na usiku. Tena mashine hizo hutoa joto, kwa hiyo mchana chumba kilipanda hadi nyuzi 31, nayo hewa ikazidi kuwa na kiu. Ukungu ulisimama kweli. Lakini ndani ya wiki mbili maua yakaanza kudondoka na matunda yaliyokuwa saizi ya gololi yakaoza kitako, lile doa jeusi lililodidimia chini ya tunda.

Kuoza kitako si ugonjwa wa kuambukiza. Tunda limekosa kalsiamu, na kalsiamu husafiri na maji. Hewa ikiwa kavu mno, majani hunyonya maji kwa pupa na kalsiamu huenda nayo huko, tunda linabaki linaangalia. Kosa langu halikuwa mbolea, ingawa nilishaanza kuongeza chokaa kwenye udongo kabla sijafikiri vizuri. Maua nayo yana sababu zake: hewa ikiwa kavu sana chavua haishiki vizuri kwenye ua, ikiwa na unyevu mwingi mno chavua hugandamana na kukataa kutoka hata ukilitikisa. Humo ndani hakuna nyuki wala upepo. Tangu hapo ninatikisa vikonyo vya maua kwa mswaki wa umeme, sekunde chache kila kikonyo, mchana, wakati chavua ni kavu. Inachekesha, lakini inafanya kazi.

Mpangilio niliotulia nao ulikuja kidogo kidogo. Feni ilipata swichi yake: inaongeza kasi nusu saa kabla ya taa kuzimika na kuendelea hadi saa sita usiku, kisha inazunguka polepole hadi asubuhi. Hita ndogo inashikilia joto la usiku lisishuke chini ya nyuzi 22. Hili la hita wengi hulipinga kwa sababu linasikika kama kupoteza umeme, ila kila nyuzi moja unayoongeza inashusha unyevu kwa pointi tano hivi bila kukamua hata tone. Tena inasaidia hata mvua ikinyesha nje. Zamani siku za mvua nilikuwa ninafunga tundu la hewa nikidhani ninazuia unyevu usiingie. Lakini hewa ya nje yenye nyuzi 17, hata ikiwa imejaa asilimia 100, ukiipasha hadi 22 inabaki na 73 tu. Iache iingie, ipashe, itoe.

Kumwagilia nikahamishia asubuhi, taa zikishawaka, na jioni sigusi maji. Ndoo za udongo nimezifunika kwa nailoni nyeusi yenye tundu la shina. Majani yote yaliyo chini ya kishada kinachoiva ninayaondoa, mawili au matatu kwa wakati mmoja, asubuhi, ili vidonda vikauke mchana kutwa. Zamani nilikuwa ninayakwanyua usiku kabla ya kulala, yaani nilikuwa ninauandalia ukungu kitanda. Feni ndogo mbili zinapeperusha hewa kati ya mashina, kiasi cha jani kutikisika tu, kwa sababu kipimo kinaweza kusoma 70 ukutani huku katikati ya majani yaliyosongamana kuna hewa tofauti kabisa. Kipimo chenyewe nimekitundika humo katikati, kimekingwa na kipande cha karatasi nyeupe kisipigwe na taa moja kwa moja.

Mashine ya kukausha ipo bado, imepangwa 68, inawaka usiku tu, na nyakati nyingine wiki inapita sijamwaga ndoo yake.

Shina moja kati ya yale sita nililing'oa, kidonda kilikuwa kimezunguka shina zima. Matano yamebaki. Kona ya nyuma ya mlango bado inanisumbua, feni haiifikii vizuri, na nyanya za upande huo huwa na vidoa vyeupe vya mviringo, alama za mbegu za ukungu zilizotua kwenye tunda zikashindwa kuendelea. Tunda linalika. Juzi nimesogeza feni moja kuelekea huko, na usiku wa jana kipimo kiliishia 78.