Siku moja ya msimamizi wa mafundi katika hoteli ya Paje

Watu wakisikia kwamba utalii wa Zanzibar umefufuka, huzifikiria ndege zinazotua na wageni wanaoshuka na mabegi. Mafundi hawamjii mtu akilini. Mwaka 2019 visiwa hivi vilipokea wageni zaidi ya 538,000, na mwaka 2020, korona ilipozuia safari duniani, wakashuka hadi takriban 260,000. Hoteli nyingi zilifunga milango, na jengo lililofungwa kando ya bahari halibaki kama lilivyoachwa. Kazi yangu ni kuwasimamia mafundi wanaoyarudisha majengo hayo katika hali ya kupokea wageni. Siku ninayoisimulia ni ya Juni 2022, msimu ulipokuwa unaanza.

Saa kumi na mbili asubuhi niligawa kazi na kupokea mchanga na saruji. Kabla ya saa tatu hatukuruhusiwa kugonga chochote, kwa kuwa upande mmoja wa hoteli ulikwisha kuwa na wageni, kwa hiyo tulipaka rangi, tukaezeka makuti, na tukafungulia mabomba ili maji yaliyolala yatoke. Chumba kisichotumika kwa muda mrefu hukaukiwa na yale maji yanayokaa kwenye kona ya bomba chini ya sinki, ambayo ndiyo huzuia harufu ya chemba isipande. Wenye hoteli hudhani kuna panya aliyekufa, kumbe dawa yake ni kufungulia maji kidogo.

Saa tatu nyundo zilianza kwenye vibaraza vya ghorofani. Chumvi ikifika kwenye nondo, kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Ukiligonga taratibu, mahali pazima hutoa mlio mkavu, na palipoachana na nondo husikika uwazi. Mpita njia huona ufa mwembamba tu na kuuliza kwa nini tusizibe tukapaka rangi. Kwa bahati mbaya, anayelipa naye huuliza hivyo hivyo.

Saa tano meneja akaja na karatasi mkononi. “Fundi, chumba cha kona kinaingia mgeni saa nane.” Nikamwambia kwamba marumaru za bafu zilibandikwa jana usiku, kwa sababu gundi ilichelewa kuvuka kutoka Dar es Salaam, na kwamba hata viungo havijajazwa. Akajibu kwamba wakala wa Ulaya amekwisha kukiuza. Nikamweleza kwamba mtu akikanyaga kabla gundi haijashika, marumaru zitaachia, maji yatapenya na kuvuja kwenye dari ya chumba cha chini, ambacho nacho kimeuzwa. Akampigia simu mwenye hoteli, aliye nje ya nchi, naye akataka kuona kwa macho yake. Nikalazimika kuzunguka bafuni na simu, nikimwonyesha kona moja baada ya nyingine, huku akiniuliza kama feni haiwezi kuzikausha. Wakati huohuo mgeni wa upande wa pili alilalamikia kelele, mapokezi wakatusimamisha, na mafundi wakakaa kivulini nyundo zikiwa miguuni, ilhali meneja yuleyule ananihimiza niharakishe. Sijui ni ujenzi gani duniani unaokwenda haraka bila kugonga.

Hatimaye walikubali kumhamishia mgeni chumba kingine, ambacho kiyoyozi chake kilikuwa kimeliwa na kutu sehemu ya nje. Tukang’oa feni ya kiyoyozi kingine kibovu, tukaifunga pale, na kikaanza kupooza wakati mgeni anateremka garini. Chakula cha mchana tulikila karibu na alasiri.

Baada ya hapo sikuitazama tena saa. Tulirudia vibaraza, tukasugua nondo, tukamwaga zege hadi giza likaingia.

Jioni nilimpelekea meneja hati ya madai. Alisema kwa upole kwamba biashara haijasimama sawasawa, na kwamba mawakala hulipa wageni wakishaondoka, hivyo nami nisubiri. Vibarua hawasubiri, na wala hawapaswi kusubiri, kwani wengi wao waliishi kwa uvuvi na mwani kazi zilipokatika. Niliwalipa kwa fedha niliyoiweka kwa ajili ya saruji ya kesho, kisha nikampigia mwenye duka la vifaa kumwomba mifuko kwa mkopo.