Ijumaa ya kumwaga zege la ukuta wa mashariki

Kazi ya leo ni ukuta mmoja tu wa sinagogi jipya kaskazini mwa Chicago: urefu m 12, kimo m 6, unene sm 30. Ndio upande wa Yerusalemu, na katikati umeachiwa uwazi wa m 2 kwa m 3 kwa ajili ya kabati la Torati. Haupigwi plasta wala rangi. Si mbali, pale Glencoe, lipo sinagogi la zege la Minoru Yamasaki la mwaka 1964. Katika majengo ya namna hii zege ndilo sura yenyewe, kwa hiyo kosa la dakika kumi litatazamwa miaka yote.

Saa 12 asubuhi tunakagua: nondo, biskuti za mm 40 (vipande vinavyotenga nondo na fomu), boliti za fomu, yaani ukungu wa kumwagia zege. Sanduku linaloacha ule uwazi lazima lifungwe chini kwa vyuma, maana zege bichi huliinua kama maji yanavyoinua ngalawa. Shinikizo la kPa (kilopaskali) 60 kwenye tako la m² 0.6 ni karibu tani 3.6.

Saa 3: lori la kwanza, m³ 7. Slampu, yaani kipimo cha ulaini wa zege bichi, mm 150, sawa. Chini ya sanduku tunamwaga upande mmoja mpaka zege litokezee upande wa pili, ndipo tunahamia huko. Ukimwaga pande zote kwa pamoja, hewa inanaswa katikati na fomu ikivuliwa unakuta mashimo kama sega la nyuki, tena chini kabisa ya kabati.

Saa 4 na nusu: zege limefika m 2.1. Lori la pili halipo. Kiwandani wamechelewa kulipakia.

Dakika sabini. Kila dakika kumi vaibreta, mashine ya kutikisa zege lijipange, inashushwa. Ikizama kwa uzito wake yenyewe, zege la chini bado liko hai na jipya litashikana nalo. Ikigoma, hapo pana mshono, na mshono huo hauna dawa. Baridi ya Novemba inatusaidia: nje ni nyuzi 8, zege linashika polepole.

Lori linafika slampu ikiwa mm 80. Dereva anataka kuongeza maji. Hapana! Lita 5 kwa kila m³ huongeza slampu kama mm 25, lakini hupunguza nguvu kwa takriban MPa (megapaskali) 1.4, na zege lenye maji mengi hukauka likiwa jeupe zaidi. Ukuta ungebaki na mkanda. Tunatia dawa ya kulainisha, pipa linazungushwa dakika tano, tunapima tena: mm 140.

Sasa msimamizi anataka tukimbize, m 3 kwa saa, maana jua likizama Sabato inaingia na mkataba unakataza kazi. Baridi ileile iliyotuokoa ndiyo inayokataa. Zege lina uzito wa kN (kilonewtoni) 24 kwa m³. Fomu hizi zinabeba kPa 60, yaani m 2.5 za zege ambalo bado ni uji. Tukienda kwa kasi mara mbili, la chini halijaanza kushika tukiwa tumeshapita hapo, na fomu inafumuka. Tunabaki m 1.5 kwa saa. Mikono imekufa ganzi, mabega yanauma kwa vaibreta.

Lori la tatu, bila tatizo. Juu kabisa kabla ya saa 9. Boliti zinakaguliwa mara ya mwisho, timazi imesogea mm 3 tu. Blanketi za joto zinafunika ukuta wote, kwa sababu zege likiganda barafu kabla ya kufika MPa 3.5 limeharibika, na kesho hakuna mtu wa kuzigusa. Saa 10 lango linafungwa.