Mlima Haukusoma Primeri

Juzi, hapa Goma, katikati ya somo la kutoa, mtoto mmoja akainua mkono: "Mwalimu, ile lava ya 2021 ilisimama Buhene, pembeni ya mji. Nyingine itasimama wapi?" Darasa zima likanyamaza, na mimi nikamkumbuka mwalimu wetu wa mwaka wa tano wa primeri, yaani shule ya msingi.

Mambo ya Januari 2002 mnayajua: tarehe 17 volkano yetu, Nyiragongo, ikapasuka, moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani, nasi tukavuka Gisenyi, upande wa Rwanda, na magodoro kichwani. Tukarudi mapema mno, lava imeganda kuwa mawe lakini bado yana joto. Shule yetu ilikuwa chini ya hayo mawe.

Mwalimu alitukusanya palepale, juu yake. Kandambili zangu zikaanza kulainika, nikawa nabadilisha mguu. Ubao hakuna, akachuchumaa, akatafuta pahali penye afadhali, akaandika kwa chaki juu ya jiwe: 2002 − 1977. Chaki ilikuwa inanasa kwenye vitundu, ile 9 aliirudia mara mbili. "Inabaki ngapi?" Ishirini na tano! "1977 nilikuwa mdogo kama nyinyi. Shamba la baba, upande wa Kibati, lilimezwa lote." Msichana mmoja akauliza kama baba yake alipata shamba lingine. "Wapi! Alipata nyundo. Akavunja mawe, akawauzia wenye kujenga misingi. Mimi nimesomeshwa na volkano." Tukacheka hadi mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akasimama kututazama, labda akijiuliza wanacheka nini hawa na mji umeungua.

Mtundu mmoja akapiga hesabu yake: basi nyingine ni 2027! Mwalimu akafuta chaki kwa kiganja. "Mlima haukusoma primeri."

Na kweli haukusoma. Ulirudi Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, haukungoja.

Basi nami nikawasimulia wanafunzi wangu kisa chote, nyundo na yote, nikitaka kuwatia moyo. Walicheka, hilo sibishi. Kama moyo wenyewe uliingia, sijui. Sisi wakati ule tulikuwa na mlima tu wa kuogopa, hawa wana mengi. Jioni ile mama mmoja akanisimamisha njiani, mkono kiunoni: "Mwalimu, unawafundisha nini huko? Mwanangu amerudi, hajagusa hata chakula, anatafuta nyundo."