Siku moja na mashine ya altrasaundi, Tanga

Saa moja asubuhi nashuka daladala ya Pongwe, nawasha mashine, nafuta kitanda, naweka jeli karibu. Benchi la nje limeshajaa.

Mpaka saa nne ni mimba changa. Kijusi cha sentimita sita nakipima utosini hadi makalioni, napata umri wake, na tofauti haizidi wiki moja. Awe Mdigo, Mbondei au Mhindi wa mjini, katika umri huo kijusi hukua takriban sawa.

Saa nne na robo akaingia binti na mama mkwe wake. Hedhi ya mwisho haikumbuki, kadi haina tarehe. Nikapima kichwa, tumbo na mfupa wa paja: wiki 34.

"Mwanangu karudi safari miezi saba na siku chache sasa," akasema mama. "Miye nahesabu. Hiyo mimba ya nani?"

Binti akaangalia ukuta.

Nikamweleza mama kwamba wiki zetu tunahesabu tangu hedhi ya mwisho, kwa hiyo mbili za mwanzo mimba haijaingia. Tena mimba ikishakuwa kubwa, kipimo huweza kuzidi au kupungua hata wiki tatu. Akasema ukoo wao watoto wakubwa, mashine ya Wazungu itawajuaje? Hapo ana hoja. Chati ya Hadlock, inayogeuza vipimo kuwa umri wa mimba na imo kwenye mashine nyingi, ilitengenezwa Texas mwaka 1984, kwa wajawazito wazungu. Utafiti wa kimataifa wa INTERGROWTH-21st wa 2014, Nairobi ikiwemo, ulipima kina mama wenye afya na lishe nzuri, ukaona watoto wa nchi mbalimbali wanakua karibu sawa. Lakini WHO mwaka 2017 ikaona uzito wa watoto tumboni unatofautiana kati ya nchi. Mimba ikikomaa, lishe, malaria na maumbile ya wazazi vyote vinaingia.

Akarudi palepale: ya nani?

"Mama, hapa napima mtoto. Baba simpimi." Nikaandika kwenye ripoti, kwa herufi kubwa, WIKI 34, TOFAUTI WIKI 3, nikamsomea mara mbili. Nusu saa nzima, na nje watu wanagonga mlango.

Baada ya hapo sijui saa. Umeme ulikatika, ukarudi. Chai nimekunywa nimesimama. Bega la kulia, ndilo linalobonyeza kutwa, linawaka moto.

Wa mwisho kaletwa na wifi yake, wiki 10. Tarehe nimeiandika kwenye kadi kwa wino. Huyu hatahesabiwa vidole na mtu.