Mswada wangu mezani, mimi kimya

Jana ilikuwa zamu yangu kuchambuliwa. Warsha ya riwaya za watoto, tumekaa duara, kila mtu ana kopi ya sura zangu za mwanzo kaichorachora kwa peni, na mimi sheria ni moja tu, sifungui mdomo. Huu mtindo wa mwandishi kunyamaza wakati wenzake wanaujadili mswada ulienezwa sana na ile programu ya uandishi ya Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, iliyoanza 1936, na ukisimuliwa unaona ni kitu chepesi, ngoja sasa mtu aseme hajaelewa kwa nini babu kakasirika, na wewe unajua kabisa kwa nini, tena ulishalipanga lote hilo, ila kumbe umelipanga kichwani na kwenye karatasi halipo. Ningeruhusiwa kuongea ningemweleza, angeridhika, na mswada ungebaki vilevile.

Hadithi yenyewe ni ya binti wa miaka 12 ambaye babu yake ameanza kusahausahau, na binti anawaficha wazazi. Nimempa 12 makusudi, wasomaji ninaowalenga wana 8 mpaka 12 na watoto wanapenda kusoma habari za aliyewazidi kidogo, wa miaka 10 ukimpa mhusika wa miaka 7 anakuona unamdharau.

Kilichoniweka macho usiku ni kwamba maoni yalikuja kwa sauti mbili. Kuna sauti ya mzazi: huyu mtoto anamdanganya mama yake halafu haadhibiwi? Ile ya babu kupotea punguza, itawatisha. Na mbona haombi msamaha? Halafu kuna sauti ya msomaji: hapa nilichoka, hapa sikujua ni usiku au mchana, hapa binti anaongea kama wakili mahakamani. Hao wa pili nilitaka niwakumbatie. Hasa kaka mmoja mpole hivi, yeye hakuandika neno, kapiga tu mstari pembeni kila mahali aliporuka sentensi. Basi. Mistari mitupu, na inauma kuliko insha.

Sisemi mzazi apuuzwe, kitabu cha mtoto mara nyingi mtu mzima ndo anakilipia, lazima kwanza kipite kwake. Ila pale ndani hakukuwa na mtoto hata wa dawa, watu wazima watupu tunabishana mtoto atapenda nini.

Baada ya mapumziko mwezeshaji akabadilisha utaratibu, akatumia ule wa Liz Lerman, mtunzi wa dansi wa Marekani aliyeuanzisha 1990. Kwa huo, wewe mwenye kazi unaongea, unawauliza wenzako maswali, na mwenye maoni anaomba ruhusa kwanza: nina maoni kuhusu mazungumzo ya sura ya pili, unataka kuyasikia? Na unaweza kusema hapana! (Nilisema hapana kwa mmoja, raha yake msiulize.) Mimi nikauliza kitu kimoja tu, mligundua lini kwamba babu anaumwa. Mmoja ukurasa wa pili, wengine wa tisa, mwingine alidhani mzee ana utani mpaka alipomaliza kusoma. Hilo jibu lina kazi kuliko "nimeipenda sana" zote za asubuhi.

Halafu dada mmoja akauliza kwa upole, anayemrudisha babu nyumbani ni nani? Jirani, mwenye gari. Hapo karibu wote wakataka jirani afutwe, maana kwenye riwaya ya watoto mtoto ndiye anayetatua tatizo, mtu mzima akishalitatua yeye, msomaji wako anabaki mtazamaji. Kanuni naikubali, dawa yao ndo siitaki. Mtoto wa miaka 12 haendeshi gari, na mimi siandiki binti wa miujiza. Anachoweza ni kuamua amwambie nani, na lini, na kwake yeye hilo ni gumu kuliko kuendesha gari.

Kwa hiyo jirani habanduki. Ila hatokei tena kwa bahati, binti ndo anaenda kumgongea mlango, akijua kabisa akishagonga siri yake imekwisha na mama atajua kila kitu. Leo asubuhi nimeiandika hiyo, sura imevimba vibaya, inabidi nikate sehemu nyingine, na naanza na kila palipo na mstari wa yule kaka.